Telefone yako ikitekwa, nani atajibu?

Maneno tuliyotoa mbele ya vijana wa Walikale-centre. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tunajua wamoja kati yenu walijiuliza walipoona tangazo. Walikale iko na vita, barabara ya Goma imekatika, mwalimu anangojea mshahara, halafu vijana hawa wanakuja kutuongelesha juu ya mashambulizi ya kompyuta? Si hayo ni mambo ya wazungu, ama ya watu wa Kinshasa?

Hapana. Ni mambo yetu, juu telefone imeshafika hata kule ndani ambako gari haifiki. Na kwa mkoa wetu, kitu kilicho ndani ya telefone kinaweza kumpeleka mtu kwenye kasho, ama kaburini.

Tuseme hivi. Kijana anauza inite pale Mubi. Bila yeye kujua, wapirata wameingia ndani ya telefone yake. Usiku amelala, telefone yake haijalala. Inatuma ujumbe kwenye vikundi vyote vya WhatsApp alivyomo: ujumbe wa kusifu kundi moja la silaha, ama wa kuomba watu makuta kupitia Airtel Money. Asubuhi wanakuja. Namba ni yake, jina ni lake, picha ni yake. Atasema: si mimi. Nani atamwamini?

Swali letu la leo ni hilo moja. Mashini yako ikifanya mabaya bila wewe kuiamuru, nani atajibu? Mbele ya sheria ni nani, na mbele ya dhamiri ni nani?

Tuanze na namna mambo yanavyotendeka. Mashambulizi makubwa ya intaneti mara nyingi hayatoki kwa mashini moja. Mpirata anatafuta mashini za watu wengine: kompyuta, telefone, kamera za ukutani, vyombo vya kugawa intaneti. Anaingiza programu yake kimyakimya, anaziunganisha zote kama jeshi. Siku anayotaka, anaziamuru zigonge mlango wa seva moja kwa wakati mmoja, mpaka seva inaanguka. Mwenye mashini haoni kitu. Labda anaona tu mega zinaisha haraka, telefone inapata moto, betri haikai. Analaumu mtandao, anaenda kulala.

Mfano mmoja ulitokea hapa hapa Afrika. Mwaka 2016, Mwingereza Daniel Kaye alishambulia Lonestar MTN, kampuni ya telefone ya Liberia. Alikuwa amekodishwa na mkubwa mmoja wa kampuni iliyokuwa inashindana nayo. Silaha yake ilikuwa virusi vinavyoitwa Mirai, vilivyoteka kamera na vyombo vingine vya nyumbani katika inchi nyingi. Mirai haikuhitaji ufundi mwingi ili kuingia. Ilikuwa inajaribu orodha ya maneno ya siri zaidi ya 60, yale ambayo kiwanda kinaweka na mnunuzi hayabadilishi. Mwezi wa Novemba mwaka huo, intaneti ya watu wa Liberia ilisumbuka vibaya. Tarehe 11 Januari 2019, tribinali moja ya London ilimhukumu Kaye kifungo cha miezi 32.

Tuangalie vizuri hapo. Shambulizi lilitoka kwa kamera za watu wengi sana, lakini kesi ilimfuata aliyekuwa na usukani. Mama mwenye duka ambaye kamera yake ilitumiwa hakusimamishwa mbele ya mwamuzi. Sisi tunasema hiyo ni haki.

Sasa tukaribie nyumbani. Mwaka 2020, wachunguzi wa Secure-D walionyesha kwamba telefone za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na virusi vya Triada na xHelper ndani yake tangu zinanunuliwa. Virusi hivyo vilikuwa vinamwandikisha mtu kwenye huduma asizoomba, na kumla inite. Kampuni mama, Transsion, ilisema kosa ni la mmoja wa wale walioshiriki katika utengenezaji, na kwamba ilishatoa dawa. Mwaka uliofuata, Kaspersky ikagundua Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, zile WhatsApp zisizo rasmi tunazopenda kwa sababu ya rangi na mambo ya kuficha "nimesoma". Ni wangapi hapa wako nazo? Hatuombi munyooshe mikono.

Halafu tuongeze maisha yetu ya kila siku. Telefone inaachwa mchana mzima kwenye nyumba ya kuchajisha. Kadi sim imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, labda mtu ambaye umemsahau hata sura. Kompyuta ni moja kwenye duka la kuchapisha makaratasi, na kila mwanafunzi anachomeka flashi yake humo. Programu hatuzitoi kwenye intaneti, juu mega ni bei. Tunapeana kutoka telefone hadi telefone, na ugonjwa unapita njia hiyo hiyo. Wazee walisema kikulacho kimo nguoni mwako. Siku hizi kimo mfukoni.

Basi, sheria inasema nini?

Ya kwanza ni Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 17 kinasema wazi kwamba makosa ya jinai ni ya mtu binafsi. Hakuna mtu anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Na kila anayeshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Kwa hiyo, kumfunga mtu juu telefone yake ilitumiwa na mpirata ni kuvunja Katiba. Mwenye kushtaki ndiye anapaswa kuonyesha kwamba ni wewe ulitenda, na kwamba ulitaka kutenda.

Ya pili ni Code civil, kitabu cha tatu, ambacho kiko tangu mwaka 1888. Hapa hatuongei kufungwa, tunaongea kulipa hasara. Kifungu cha 258 kinasema anayeharibu kwa kosa lake, alipe. Cha 259 kinaongeza: hata kama ni kwa uzembe tu. Na cha 260 kinasema unajibu pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wako. Mtu anaweza kusema: haya basi, telefone iko chini ya ulinzi wangu, kwa hiyo nitalipa kila kitu!

Polepole. Ulinzi maana yake nini? Ufaransa, ambako sheria yao ya hasara ni ndugu ya hii yetu, walikutana na swali hilo zamani sana kabla ya kompyuta. Mwizi aliiba gari ya daktari mmoja, Franck, usiku wa kuamkia Noeli ya 1929, akagonga mpeleka barua akafa. Familia ya marehemu ilimdai daktari. Kesi ilizunguka miaka mingi, mpaka tarehe 2 Desemba 1941 tribinali yao kubwa kuliko zote ikasema: mtu aliyenyang'anywa matumizi, uongozaji na usimamizi wa gari yake, huyo haiko tena mlinzi wake. Hukumu hiyo haifungi waamuzi wetu. Lakini wazo lake linaeleweka na mtu yeyote wa kijiji: mwizi akishika usukani, mashitaka yamfuate mwizi.

Ya tatu ni Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023. Inaadhibu wanaoingia kwenye mashini za watu bila haki, na hilo ni jambo jema. Lakini kifungu chake cha 360 kinaweka pia kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita kwa anayeanzisha ama kupitisha habari ya uongo juu ya mtu. Munaona mtego? Kama namba yako imetumiwa kupitisha, nani ataonyesha kwamba kidole kilikuwa chako?

Hofu yetu iko na sababu. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, juu ya makala ya Jeune Afrique iliyotaja barua ya idara ya ujasusi kuhusu kifo cha Chérubin Okende. Makala hiyo hata haikuwa na jina lake. Upande wa mashtaka ulisema alama za kidijitali zinaonyesha ni yeye aliyetoa barua hiyo wa kwanza. Reporters sans frontières walifanya uchunguzi wao, wakasema ushahidi huo hausimami, kwani alama za WhatsApp na Telegram haziwezi kuonyesha nani alituma picha wa kwanza. Alikaa gerezani miezi 6, akahukumiwa miezi 6, akatoka tarehe 19 Machi 2024.

Huyo alikuwa na maavoka, alikuwa na magazeti makubwa ya dunia nyuma yake. Muuza inite wa Mubi ataletewa nani? Na tukumbuke: tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya état de siège, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa tribinali za kijeshi. Halafu kuna sehemu ambako hata tribinali haiko. M23 waliingia Walikale-centre tarehe 19 Machi 2025, wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kila upande ulioshika silaha unatafuta wasaliti. Aliyepita kwenye bariere anajua: mtu anakuambia "leta telefone, fungua". Pale hakuna avoka, hakuna mtaalamu wa kusoma virusi. Kuna mtu aliyechoka, mwenye bunduki, na anasoma ujumbe ambao hukuandika.

Ndiyo maana tunasema: namba ya telefone ni mwanzo wa uchunguzi. Haiwezi kuwa mwisho wake.

Lakini tusijidanganye kwamba mwenye mashini hana wajibu wowote. Hapa tunatoka kwa sheria, tunaingia kwa dhamiri. Na hapa Walikale tuko na mafundisho yetu wenyewe, tuliyoyalipia bei kali.

Munakumbuka Luvungi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vijiji 13 vya teritware yetu vilivamiwa, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Tarehe 23 Novemba 2020, tribinali ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mkubwa wa NDC, kifungo cha maisha. Kati ya makosa yaliyomshika ni kuingiza watoto chini ya miaka 15 kwenye kundi lake. Hatufananishi maumivu ya mama zetu na mambo ya virusi, Mungu atuepushe. Tunashika somo moja tu. Sheria iliweza kupita mkono ulioshika silaha, ikamfikia aliyeamuru. Na ilimtazama mtoto aliyebebeshwa bunduki kama mtu aliyetendewa mabaya kwanza. Kama iliwezekana kwa jambo zito namna hiyo, haiwezi kushindikana kwa telefone.

Kwa hiyo sisi tunapima wajibu kwa vitu viwili: mtu alijua nini, na alikuwa na uwezo gani.

Asiyejua na asiye na njia ya kujua, huyo ametekwa. Anahitaji msaada.

Aliyejulishwa kwamba konti yake inatuma mambo mabaya, akanyamaza juu ya uvivu, huyo ameanza kubeba sehemu. Ukiona ng'ombe yako imeingia shamba la jirani, unaifukuza. Ukikaa unaitazama tu, kesho usiseme ni ng'ombe ndiyo ilikula.

Aliye na uwezo mkubwa, wajibu wake unakua. Ofisi ya serikali, shirika linaloandikisha wakimbizi, hospitali, kampuni ya madini: hao wako na majina ya watu maelfu ndani ya kompyuta zao. Hawawezi kujitetea kwa maneno ya mkulima mwenye telefone ya dola 40. Kuacha neno la siri la kiwandani kwenye mashini yenye orodha ya wakimbizi ni uzembe, na kifungu cha 259 kiko pale kwa ajili ya hilo.

Na anayeuza chombo kibovu akapata faida, ajibu kwa faida yake. Hapa pia Walikale iko na neno la kusema. Bati la Bisie linaenda kwenye viwanda vya dunia, na bati ndilo linaunganisha vipande vidogo ndani ya telefone. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kudai kampuni zitafute kujua madini yao yanatoka wapi, na kuanzia Septemba mwaka huo mpaka Machi 2011 migodi ya Kivu zote mbili na Maniema ilifungwa. Baba zetu walilala njaa kwa ajili ya kanuni hiyo. Basi kanuni irudi upande wa pili. Kama mnunuzi wa jiwe anapaswa kujua nini kiko nyuma ya jiwe, muuzaji wa telefone anapaswa kujua nini kiko ndani ya telefone. Hawezi kusema tu "ni kosa la mwenzangu niliyefanya naye kazi". Sisi jibu kama hilo hatukuruhusiwa kulitoa.

Serikali nayo isijifiche. Kuanzia 2020 mpaka 2022 walitukata inite juu ya RAM, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya intaneti. Walijua kuhesabu telefone zetu moja moja ilipokuwa kuchukua makuta. Wajue kuzihesabu pia ilipo kuzilinda.

Tunadai mambo manne:

1. Tribinali, za kiraia na za kijeshi, zisimhukumu mtu kwa namba, kwa konti ama kwa anwani ya mashini peke yake. Ushahidi wa kidijitali usomwe na mtaalamu asiyekuwa wa upande wa mashtaka, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuupinga.

2. ARPTC na kampuni za telefone zifungue njia ya bure, hata kwa USSD, ambapo mtu atajua kadi sim ngapi ziko kwa jina lake, na kuziondoa zisizo zake. Na kampuni ikiona namba inatuma vitu vya virusi, imjulishe mwenyewe kwa Kiswahili, kabla ya kumkatia.

3. Telefone zinazoingia inchini zipimwe. Ikionekana aina fulani ina virusi vya kiwandani, itangazwe kwa redio, irudishwe, na mnunuzi alipwe.

4. Wenye silaha wote, wawe wa serikali, Wazalendo ama M23, waache kufungua telefone za raia kwenye bariere. Ujumbe ulio ndani ya telefone hauwezi kuwa hukumu ya kifo.

Na sisi wenyewe? Hatuwezi kudai bila kutenda. Leo jioni, kila mmoja afanye haya. Ingia kwenye WhatsApp, sehemu ya vyombo vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Weka kodi ya pili ya tarakimu 6. Usimpe mtu yeyote kodi iliyokuja kwa SMS, hata akisema ni mjomba wako. Futa zile WhatsApp zisizo rasmi. Ukiiacha telefone kwenye nyumba ya kuchajisha, iache imezimwa na imefungwa. Ukiambiwa konti yako inatuma mambo ya ajabu, wajulishe watu siku hiyo hiyo kwa namba ingine, kwenye kila kikundi, na uweke picha za ujumbe huo pamoja na saa. Picha hizo zinaweza kukuokoa mbele ya mwamuzi.

Na ukipokea ujumbe wa ajabu kutoka kwa rafiki, usiupitishe, usimtukane. Mpigie kwanza, sikia sauti yake. Katika mkoa ambamo neno moja linaua, kumpigia mtu dakika moja kabla ya kumhukumu ni kazi ya uraia.

Kama mwenzetu atakamatwa kwa tendo la telefone yake, tutasimama naye. Tutauliza, kwa utulivu na bila jiwe mkononi: nani alikuwa na usukani? Tutauliza mpaka tujibiwe.

Walikale, tuko pamoja.